Filamu ya Dawa Inapobanduka: Jinsi Tunavyopima Unato Maabara

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa famasia na ninyi nyote mliofika jioni hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia swali ambalo limenishughulisha kwa miaka mingi: tunajuaje kwamba filamu ya dawa iliyobandikwa ndani ya shavu la mgonjwa itakaa pale mpaka dawa imalize kutoka?

Filamu ninayoizungumzia ni kipande chembamba cha polima, yaani kemikali yenye molekuli ndefu kama minyororo, kilichochanganywa na dawa, kinachobandikwa kwenye ngozi laini yenye ute, iwe ni ndani ya shavu, kwenye ufizi au ukeni. Faida yake kubwa ni kwamba dawa inayopenya shavuni huingia katika damu bila kupitia kwanza kwenye ini, ambako dawa nyingi zinazomezwa huvunjwavunjwa kabla hazijafanya kazi. Nchini Marekani filamu ya namna hii yenye fentanili, kwa ajili ya maumivu ya wagonjwa wa saratani, iliidhinishwa mwaka 2009. Hata hivyo, faida hiyo yote ina sharti moja, nalo ni kwamba filamu isibanduke. Kinywa cha mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, na filamu iliyoachia mapema humezwa pamoja na mate hayo, mgonjwa asijue kwamba sehemu ya dawa yake imekwenda tumboni.

Aliyekula ugali kwa mlenda au bamia anaijua tayari nusu ya elimu hii. Vidole vikiwa vimelowa vinateleza, na vikianza kukauka vinanata. Polima za filamu zetu zina tabia hiyohiyo. Filamu kavu ikigusa ute hunyonya maji, minyororo ya polima hulegea na kujipenyeza kati ya minyororo ya musini, yaani ile protini yenye sukari inayoufanya ute uwe mzito, kisha vifungo vya hidrojeni na mvutano wa chaji hushika. Ute wenyewe ni maji kwa takriban asilimia 95, na musini zake zina chaji hasi. Ndiyo maana kitosani, inayotokana na magamba ya kamba na kaa na yenye chaji chanya, hushikamana nazo vizuri. Maji yakizidi, hata hivyo, filamu hugeuka utelezi. Kwa hiyo unato una kilele, na baada ya kilele hicho hushuka.

Sasa tuingie maabara. Asubuhi ya kipimo tunachukua shavu la mnyama aliyechinjwa muda huo, tunatenganisha ngozi ya ndani na nyama kwa kisu kikali, na kuiosha kwa maji ya chumvi yaliyorekebishwa. Maabara nyingi duniani hutumia shavu la nguruwe kwa sababu ngozi yake ya ndani, kama ya binadamu, haina tabaka gumu la keratini, ile protini ya kucha na nywele, ilhali ya panya inalo. Wako wanaotumia kondoo au ng'ombe, kwa sababu ya imani au kwa sababu ndicho kinachopatikana machinjioni, na sioni kosa lolote humo mradi waseme wazi na wasilinganishe namba zao na za mnyama mwingine. Kipande cha ngozi hufungwa kwenye kitako cha mashine ya kuvuta, katika nyuzi joto 37, na filamu iliyokatwa duara hugandishwa kwenye ncha ya mkono wake. Tunadondosha mate ya kutengeneza yenye pH (kipimo cha uasidi) ya 6.8, mkono unashuka, unakandamiza kwa nguvu tuliyoipanga, unasubiri, kisha unapanda polepole. Kwenye skrini mstari unapanda, unafika kilele, halafu unaporomoka. Kilele ndicho nguvu ya kubandua. Eneo lililo chini ya mstari ndilo kazi iliyofanyika, nami naliamini zaidi kuliko kilele, kwa kuwa linahesabu pia ule uzi mwembamba wa ute unaovutika kabla ya kukatika.

Wazo la kuvuta si geni. Mwaka 1984 Smart, Kellaway na Worthington walipaka polima kwenye vibao vya kioo, wakavitumbukiza katika ute na kupima nguvu ya kuvitoa. Mashine zimebadilika sana tangu hapo, ila udhaifu umebaki uleule: ukikandamiza zaidi, ukisubiri zaidi au ukivuta haraka zaidi, namba inabadilika ingawa filamu ni ileile. Ripoti inayotoa nyutoni, yaani kizio cha nguvu, bila kutaja mambo hayo matatu pamoja na kiasi cha mate haina msaada kwa msomaji.

Kuna jambo jingine ambalo nawasihi wanafunzi wasilipuuze. Filamu ikishaachia, ishikeni kwa kibano na muitazame kwa lenzi. Imekatikia wapi? Ikitoka safi, kilichoshindwa ni mshikamano wa filamu na ute. Ikitoka imebeba ute, kilichokatika ni ute wenyewe, na namba iliyoandikwa ni ya uimara wa ute wa yule mnyama. Na ikiwa nusu ya filamu imebaki kwenye ngozi, polima ndiyo iliyochanika ndani kwa ndani, na tiba yake haiwezi kuwa kuongeza unato.

Nilijifunza kwa gharama kwamba nguvu ya kubandua na muda wa kukaa ni vitu viwili. Tulikuwa na filamu iliyoongoza zote katika kuvutwa. Tulipoiweka juu ya ngozi iliyoinamishwa na kuimwagilia mate taratibu, ndiyo iliyosombwa kwanza, kwa sababu ilinyonya maji upesi ikawa uji. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Andreas Bernkop-Schnürch na wenzake huko Austria walifanya kazi muhimu sana juu ya polima zilizoongezewa vikundi vya salfa, vinavyofungamana na salfa ya musini kwa vifungo imara zaidi, na kipimo walichokitumia ni silinda iliyofunikwa ngozi, ikizunguka ndani ya maji, huku wakihesabu saa mpaka sampuli ianguke. Silinda hiyo inakaribia zaidi kinywa chenye ulimi unaosumbua kuliko mkono unaovuta wima mara moja.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye vipimo vyote hivi humsahau, naye ni yule mwenye fangasi za kinywani, ambaye mara nyingi mdomo wake umekauka. Filamu inahitaji maji kidogo ili ianze kunata, naye hana. Kwa hiyo sasa kila filamu tunaipima mara mbili, kwanza kwa mate ya kawaida, kisha kwa ngozi iliyofutwa kwa karatasi ya kuchujia na kupewa tone moja tu, na namba zote mbili tunaziandika kwenye jedwali moja.