Mistari Miwili kwenye Karatasi ya Mshahara
(Mhadhara kwa wanafunzi wanaojiandaa kwenda kufanya kazi Marekani majira ya joto)

Haya, kaeni vijana wangu. Wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Najua mmekuja na maswali ya viza na mizigo, hayo mtajibiwa na wenzangu. Mimi nimepewa nusu saa ya pesa. Walionisikia zamani wanajua nitakachosema, maana nakisema kila mwaka, na kila mwaka Julai haipiti bila mtu kunipigia simu kana kwamba sijawahi kufungua mdomo.

Sitawafundisha kubana matumizi. Mtu aliyesoma kwa mkopo wa HELB, akala githeri Jumatatu mpaka Ijumaa, hahitaji mhasibu wa kumkataza kununua viatu. Pesa zenu hazitapotelea dukani. Zitapotelea kwenye karatasi ambayo hamtaisoma.

Mwaka 2024 binti mmoja wa Kilifi alikuwa Ocean City, jimbo la Maryland, mji wa ufukweni ambao kila majira ya joto hupokea maelfu ya wanafunzi wa kigeni wa viza ya J-1. Alikuwa akisafisha vyumba hotelini. Akanitumia picha saa nane za usiku. Kwake ilikuwa saa moja jioni, jua bado linawaka. Picha yenyewe imepigwa juu ya kitanda kisichotandikwa, kidole gumba kimefunika pembe ya karatasi, na chini ameandika: "Shangazi, hii ni sawa?"

Karatasi inasema saa 40, dola 15 kwa saa, jumla dola 600. Vizuri, 15 ndicho kima cha chini cha mshahara Maryland tangu Januari ya mwaka ule. Chini kuna makato. Kodi ya serikali kuu, sawa. Kodi ya jimbo, sawa. Halafu mstari ulioandikwa OASDI: 37.20. Na mwingine, Medicare: 8.70.

Nikakaa kitandani nikawasha taa.

Mistari hiyo miwili ni michango. Wa kwanza ni kama NSSF yetu, asilimia 6.2 ya mshahara. Wa pili ni bima ya afya ya wazee, asilimia 1.45. Jumla asilimia 7.65, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho kutoka mfukoni mwake. Mmarekani hulipa. Mwanafunzi aliyeingia kwa J-1 kufanya kazi majira ya joto, na ambaye kikodi bado anahesabiwa kuwa mgeni asiye mkaazi, halipi. Ni sheria ya kodi ya Marekani yenyewe, wala si huruma ya mtu.

Namuuliza, umekatwa hivi tangu lini? Ananiambia, tangu wiki ya kwanza. Hii ni ya sita. Dola 45.90 mara sita ni 275.40. Kwa bei ya dola ya mwezi ule, karibu shilingi 129, hizo ni zaidi ya shilingi 35,000. Na angemaliza wiki zake 12 bila kuuliza, zingekuwa 71,000. Pesa ya kufagia, kutandika na kusugua bafu la mtu asiyemjua.

Alikuwa ameshamuuliza msimamizi wake. Msimamizi akamjibu kwamba kila mtu hukatwa. Na msimamizi hakusema uongo! Kila mtu aliyemjua yeye alikuwa akikatwa. Programu ya mishahara humkata kila aliyeingizwa, mpaka mtu aiambie kwamba huyu hahusiki. Ndiyo maana nawasihi msiende na hasira. Nilimwambia aende na pasipoti, fomu yake ya DS-2019 inayothibitisha kwamba yuko kwa J-1, na ukurasa wa chapisho namba 519 la mamlaka ya kodi ya kule unaoeleza msamaha huo, aende mwenyewe kwa mtu wa mishahara, si kwa msimamizi. Alirudishiwa zote kwenye malipo yaliyofuata. Mwajiri akikataa ipo fomu namba 843 ya kudai kutoka serikalini, nayo huambatana na ya 8316, lakini njia hiyo ni ndefu. Daini mkiwa bado kule, mnaweza kugonga mlango.

Nasikia mnanong'ona hapo kushoto. Kila mwaka kuna anayeniambia: "Lakini si ni akiba yangu ya uzeeni?" Jamani! Ili upate pensheni ile unahitaji alama 40, na kwa mwaka unapata nne tu hata ufanye kazi usiku na mchana. Miaka kumi ya kazi. Wewe unakwenda miezi minne ikizidi sana. Hiyo si akiba, umewachangia wazee wa Marekani, na bibi yako yuko Kaloleni anangoja dawa ya presha.

Mwingine ataniambia anaogopa kuonekana mkorofi, atafukuzwa. Naielewa hofu hiyo na siidharau, maana viza imefungwa na kazi, na aliyekopa nauli hana ujasiri mwingi. Ndiyo sababu nataka mfanye mapema, siku ya kwanza, mnapojaza fomu ya W-4, ile inayomwambia mwajiri akukate kodi vipi. Hapo unaandika herufi NRA, yaani mgeni asiye mkaazi, chini ya hatua ya 4(c). Hiyo inarekebisha kodi tu, haiondoi michango. Lakini ukishamwonyesha mtu wa mishahara herufi hizo, umepata mlango wa kumwambia na lile la michango. Hakuna anayemfukuza mtu kwa kujaza fomu sawasawa.

Nimekula muda. Tuje kwenye mkopo.

Wengi wenu mmelipiwa na chama cha mama, harambee ya ukoo, au ile mikopo ya simu ambayo sitaki hata kuitaja. Deni lenu ni la shilingi, mshahara wenu ni wa dola, na katikati kuna bei inayotembea. Waliolipa wakala Januari 2024 walinunua dola kwa shilingi 160. Aliyehitaji dola 2,000 alikopa 320,000. Akafika kule Juni, dola imeshuka hadi 129, na deni la nyumbani halijashuka hata senti. Ili alipe zile 320,000 ilimbidi apeleke dola 2,480. Riba bado hatujaigusa. Walisherehekea shilingi kupata nguvu hapa Mombasa, na mtoto wao kule anaongeza zamu ya usiku bila kuelewa kwa nini hesabu haifungi. Basi pigeni hesabu ya deni kwa bei mbaya kwenu, msiipige kwa bei ya leo.

Kutuma pesa. Tangu tarehe 1 Januari 2026 Marekani inatoza asilimia moja ukituma nje kwa noti mkononi. Ukituma kutoka akaunti ya benki ya kule, au kwa kadi ya kule, hutozwi. Kwa hiyo fungua akaunti wiki ya kwanza. Na anayekutangazia kwamba hana ada, mwangalie bei anayokupa ya dola, ndipo ada ilipojificha. Linganisha jambo moja tu: nikitoa dola 200, kwenye M-Pesa ya mama zitaingia shilingi ngapi?

Mama akipiga simu wiki ya pili kuomba pesa? Mwambie ukweli, mshahara wa kwanza ni kodi ya chumba. Binti yule wa Kilifi alimtumia mama yake picha ya karatasi ileile ya mshahara. Mama aliiangalia, akaacha kuomba mpaka Agosti.

Mengine nayapitia mbio. Usifunge akaunti siku ya kuondoka, mshahara wa mwisho utakuja umeshafika nyumbani. Amana ya chumba, Maryland mwenye nyumba ana siku 45 za kuirudisha, kwa hiyo mwachie anwani inayofanya kazi. Fomu ya W-2, ya mshahara na makato yako ya mwaka, hutolewa kufikia Januari 31 na marejesho ya kodi, fomu 1040-NR, mwisho wake Aprili 15. Utakuwa darasani hapa, jaza hivyo hivyo. Maswali ya bakshishi, niulizeni nje.

Sasa kuna karatasi zinapita, kila mtu achukue moja. Ni mfano wa karatasi ya mshahara, nimeutengeneza mwenyewe. Toeni kalamu. Msimwangalie jirani. Zungushieni duara mistari miwili isiyotakiwa kuwepo, kisha nyanyueni mikono nipite kuona.