Gari Umelinunua, Kitabu cha Fundi Kiko Wapi?

Mhadhara uliotolewa Nyakato, Mwanza, mbele ya wamiliki wa magari, madereva na mafundi

Mwadila, ndugu zangu. Kaeni, kaeni. Mlioko mlangoni sogeeni mbele, viti vipo. Najua mnaogopa kuulizwa maswali. Nimestaafu ualimu, lakini naona uso wangu haujastaafu.

Baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili la kitabu cha fundi kwenye harusi, na mmoja wenu ananikumbusha kwamba nimelisema hata msibani. Ni kweli. Marehemu alikuwa na gari.

Nianze na yule dada wa Kijapani. Wenye magari ya mtumba mnamjua. Unawasha gari, kabla injini haijatulia, anakusemesha kwa adabu kabisa. Siku moja nilimpakia mama mmoja mtu mzima pale Buzuruga, dada akasema maneno yake, na yule mama akaitikia, "Marahaba, mwanangu." (Kicheko.) Msicheke, alikuwa na haki. Sauti ile ina heshima kuliko ya wajukuu zetu. Lakini mnajua anasema nini? Anasema kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara za tozo kule Japani. Yaani gari liko Mwanza mwaka wa saba, linakatiza Igoma na Kisesa, na kila asubuhi linamdai mwenyewe kadi ya barabara ambayo hataiona maishani.

Fungua sasa droo ya dashibodi. Kuna kitabu kinene, kizuri, kina michoro. Kijapani mwanzo mpaka mwisho. Wengi wetu tumekigeuza kibanio cha risiti za bima.

Na hicho wala sicho ninachokililia. Hicho ni kitabu cha mwenye gari: funga mkanda, badili tairi, usimwache mtoto ndani. Mimi nasema kitabu cha fundi, kile ambacho kiwanda kinawaandikia mafundi wake. Kila boliti ikazwe kiasi gani na ianze ipi. Gia boksi inakunywa oili gani, lita ngapi. Waya wa rangi hii unatoka wapi na unaishia wapi. Kitabu hicho kipo, na kiliandikwa siku gari lako lilipokuwa linabuniwa. Gharama ya kukiandika iko ndani ya bei ya gari kama ilivyo gharama ya usukani. Usukani ulipewa. Kitabu je?

Ngoja niwasimulie la kwangu. Waliolisikia wavumilie, leo nitalisimulia lote.

Nina Toyota IST, ile ya cc 1,300. Nilikuwa natoka Shinyanga, nimefika Usagara, taa nyekundu ya joto ikawaka. Nikasema nitafika, si ni hapa tu. Hilo lilikuwa kosa langu, la kwangu peke yangu, sitafuti wa kumsingizia. Gari lilichemsha. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kifuniko cha juu cha injini na bloku, yaani mwili wa injini, ikaungua.

Nikalipeleka kwa fundi wangu. Simtaji, na si mtu mbaya. Ana mkono mwepesi kuliko mafundi wote ninaowajua, anasikiliza injini kwa kuweka bisibisi sikioni na anakwambia plagi ipi imechoka. Akafungua hedi, akaipeleka kusawazishwa, akaweka gasketi mpya. Ukafika wakati wa kukaza boliti kumi za hedi. Akachukua spana, akachomeka bomba la kama mita moja kwenye mpini, akaegemea mpaka, kwa maneno yake mwenyewe, "boliti ikatae." Mimi nimesimama pembeni na chai yangu.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Nimefundisha fizikia sekondari maisha yangu yote ya kazi. Momenti ya kani! Nguvu zidisha umbali! Nimening'iniza mawe ya gramu mia kwenye rula ya mita mbele ya watoto wa watu mpaka rula zenyewe zikapinda. Na siku hiyo namwona mtu mzima ameegemea bomba la mita moja, na mimi nanywa chai. Ningemwuliza tu, "Fundi, kiasi gani?" Sikumwuliza. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyewahi kutuambia kwamba "kiasi gani" ni swali lenye jibu.

Wiki tatu baadaye maji yanapungua tena kwenye rejeta. Nikarudi. Fundi akasema, "Mwalimu, hazijakaza vizuri." Akaongeza. Boliti ya nne ikakatika, nusu ikabaki ndani ya bloku. Na bloku ya injini ile ni aluminiamu, si chuma cha yale malori ya zamani tuliyojifunzia. Ile bloku ya chuma ilikuwa inakusamehe. Hii haisamehe. Mchonga vyuma alikaa na gari langu siku tatu akiitafuta ile nusu.

Ndipo akaja binti mmoja niliyemfundisha. Sasa ni fundi, tena ni fundi kwelikweli. Alikuja na karatasi. Karatasi hiyo ilikuwa imepigwa fotokopi, na fotokopi yake ikapigwa fotokopi, mpaka michoro ilikuwa kama chungu kilichoungua. Lakini ilitoka kwenye kitabu cha kiwanda. Akanionyesha: boliti kumi, zianze za katikati zikienda nje. Zikazwe kwa toki renchi, ile spana yenye kipimo cha nguvu, kiasi fulani. Kisha kila moja izungushwe robo duara. Kisha robo duara nyingine. Basi.

Hicho kiasi fulani sasa. Tarakimu ya kwanza ilikuwa imezama kwenye wino. Ilikuwa 29 au 79? Fundi wa kwanza akasema 79, kwa sababu 29 ni kichekesho, mtoto anaweza. Mchonga vyuma akasema 79. Mimi, mwalimu wa fizikia, nikasema 79, kwa sababu wenzangu wamesema 79.

Binti hakubishana na sisi wazee. Akaweka kidole pembeni ya ile namba iliyozama. Kiwanda kile huandika kipimo kimoja kwa namna tatu: nyutoni-mita, kisha kwenye mabano kilo mara sentimita, kisha kile cha Kimarekani cha pauni na futi. Kwenye mabano ilisomeka vizuri kabisa: 300. Akasema, "Mwalimu, si ulitufundisha kilo moja inavuta chini kwa nyutoni 9.8? Kilo 300 kwenye mpini wa sentimita moja ni sawa na kilo 3 kwenye mpini wa mita moja. Mara 9.8." Nyutoni-mita 29, na chenji kidogo.

Sijui kama nilifurahi au nilitaka ardhi ipasuke.

Mnajua 29 ni ndogo kiasi gani? Chukua renchi ya nusu mita, ilaze sawasawa, ning'iniza mwishoni kidumu chenye lita sita za maji. Hiyo ndiyo 29. Mtoto anaweza, kweli! Na yule aliyeegemea bomba la mita moja, hata akiweka nusu tu ya uzito wake, tuseme kilo 35, ni zaidi ya nyutoni-mita 340. Mara kumi na zaidi.

Kuna mtu hapo mbele anatikisa kichwa: mbona ndogo hivyo, na hedi inabanwa na mlipuko? Swali zuri. Kazi kubwa inafanywa na zile robo duara mbili. Boliti ya hedi ni kama mpira wa manati, inavutika, na kule kuvutika ndiko kunakoibana hedi. Ukikaza kwa nguvu tu, sehemu kubwa ya nguvu yako inaliwa na msuguano: uzi mchafu, uzi mkavu, uzi wenye oili, kila mmoja unakudanganya kwa namna yake. Ukikaza kidogo kwanza, halafu ukahesabu mzunguko, zote kumi zinavutika karibu sawa. Na kitabu kinasema pia, kabla ya kuirudisha boliti ya zamani, ipime. Iliyovutika kupita kiasi inatupwa. Sisi zote kumi tuliziosha kwa petroli, tukazirudisha kwa heshima zote.

Tulinunua kumi mpya. Binti akakaza. Hakutoka hata jasho. Gari hilo liko hapo nje.

Sasa nitajibiwa kwamba nawadharau mafundi wa mitaani. Sina mafundi wengine! Gereji ya wakala wa kiwanda wengi wetu hatuifikii. Nitavuta IST kwa kamba mpaka kule? Kinachonikera ni kwamba tunamtaka fundi akumbuke kwa kichwa kitu ambacho hata mhandisi aliyeibuni ile injini anakisoma kwenye kitabu.

Mwingine atasema, si vimejaa mtandaoni, shusha bure. Vimejaa, lakini nakala za kupitishana ndizo zilizozaa ile 29 na 79. Unashusha kitabu cha gari lililouzwa Ulaya, injini jina moja, nyaya tofauti. Nenda basi kununua kihalali. Toyota wana tovuti ya taarifa za ufundi, kule Marekani mtu yeyote analipia siku mbili, mwezi au mwaka. Safi sana. Lakini magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 17. Yana namba ya chesesi tu: NCP60, kistari, tarakimu saba. Mfumo unaodai 17 utazijaza na nini? Jina la ukoo?

Na wezi? Ndiyo, hili huletwa kila mara: mkitoa siri za magari, wezi watafaidi. Siri za funguo ni kitu kimoja. Kule Marekani fundi wa funguo anasajiliwa na kuchunguzwa kwanza ndipo apewe namba za siri za funguo. Haya. Lakini mwizi gani anaiba gari kwa kujua gia boksi inatumia oili gani? Nasema hivyo kwa sababu humu ndani kuna watu wenye Vitz za CVT, ile gia boksi isiyo na gia za hatua, waliowekewa haidroliki ya kawaida badala ya ile ya CVT. Msiinue mikono, nawaona kwa nyuso.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo matano, hili lilikuwa la kwanza. Nayakimbiza.

Kompyuta. Mashine ya kupimia gari si fundi. Magari yote mapya Marekani yana tundu la aina moja la kuchomeka mashine hiyo tangu modeli za 1996, na leo vifaa vya kusoma vinauzwa mpaka kwenye meza za barabarani. Mashine inakuandikia P0171, namba ya kosa. Fundi anasema sensa, kile kifaa cha kuhisi, imekufa, nunua. P0171 inasema hewa imezidi kipimo chake kwa mafuta yaliyopo, basi. Labda paipu imepasuka, labda pampu ya mafuta imechoka, labda kipima hewa kina vumbi. Kitabu ndicho kina njia ya kuuliza, hatua kwa hatua. Kununua sensa kabla ya kuuliza ni kupiga ramli.

Sheria. Wapiga kura wa Massachusetts, jimbo la Marekani, walilipitisha mwaka 2012: mwenye gari na fundi wa nje wauziwe taarifa zilezile anazopewa wakala. Mwaka 2020 wakapiga tena, kwa sababu taarifa za gari zilikuwa zimeanza kurushwa hewani moja kwa moja kwenda kiwandani. Ulaya walitunga kanuni mwaka 2007. Australia, Julai 2022. Lakini hawa wako mbali. Afrika Kusini, Julai 1, 2021, Tume ya Ushindani ya kule ilianza kutumia mwongozo wake: peleka gari lako kwa fundi huru, na taarifa za ufundi azipate. Na sisi tunayo Tume ya Ushindani, ina sheria yake ya mwaka 2003. Huko ndiko nataka tubishe hodi. Barua ninayo, ina sahihi kumi na moja, mbili ni za wanangu.

Lugha nilitaka niiseme kwa kirefu, siisemi. Ila namba 29 haina lugha, na mshale haudai tafsiri.

Wavuvi wa Mwaloni waliokuja, samahanini sana. Mashine zenu za mitumbwi zina vitabu pia, na uwiano wa petroli na oili umeandikwa humo, si wa kukisia kwa kizibo. Mmesafiri, nami nimewapa sentensi mbili. Nitawafuata Kirumba.

Kuna swali? Mama pale, utaanza wewe. Kabla hajauliza: yule binti yuko kule nyuma, mwenye ovaroli ya bluu, anajificha. Ile karatasi anayo. Anayetaka aipige picha kwa simu, asipige fotokopi, nawaomba. Pale palipozama wino tumeandika upya kwa kalamu, 29, kubwa mnayoweza kuiona hata bila miwani.