Jinsi ya kuuwekea mpira mkia kwenye klipu ya mechi

Karibuni tena wadau, nipo hapa Arusha kama kawaida. Leo tunauwekea mpira ule mkia, yaani mstari wa rangi unaoonyesha ulikopita, mnaouona kwenye marudio ya runinga. Programu ni Kinovea, ya bure, laptopu yoyote ya Windows. Kuipakua mnajua, tusipotezeane muda.

Uwanjani kwanza. Simu kwenye stendi, fremu (picha) 60 kwa sekunde, shata, yaani muda wa kamera kunasa kila picha, 1/500 ya sekunde au kasi zaidi, la sivyo mpira unatoka umevutika kama yai. Mimi napenda kukaa juu jukwaani, jua likiwa mgongoni. Na mpira ufutwe! Ukishajaa vumbi jekundu juu ya udongo mwekundu, programu haiuoni.

Haya. Nenda kwenye fremu ambayo mguu umeshauachia mpira. Bofya kulia juu ya mpira, chagua kufuatilia njia. Vinatokea visanduku viwili. Cha nje ni eneo la kuutafutia mpira. Cha ndani kibane mpira tu. Mpira tu! Kikigusa soksi nyeupe, mkia utamfuata beki mpaka benchi.

Sasa fremu moja moja. Moja... nyingine... ngoja, ngoja. Mmeona? Mpira umepita kwenye chokaa ya boksi, kisanduku kimeng'ang'ania mstari. Simama hapo, kivute kikae juu ya mpira, endelea. Usiiache icheze yenyewe ukaenda kunywa chai.

Wenzetu wana raha. Mwaka 1996 runinga ya Fox kule Marekani waliweka vimulika vya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ndani ya kisahani cha hoki ya barafu: kiking'aa buluu kwenye skrini, kikipita maili 70 kwa saa kinaota mkia mwekundu. Wazee wa hoki wakanuna. Mpira wa Kombe la Dunia 2022 ulikuwa na kihisi kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Wetu una upepo tu ndani, programu inabahatisha kwa sura yake. Kwa hiyo soksi, jamani, soksi!

Rangi weka njano, nyembamba. Nyekundu kwa viwanja vyetu inapotea. Hifadhi video pamoja na michoro yake, imeisha.

Akademi na wazazi mnaotaka klipu za watoto, njooni inboksi. Malipo ni kabla ya mechi, siyo baada ya kufungwa.