Mashine Inaleta Erori: Tuanzie Wapi?

Assalaam alaykum, na wengine hamjambo. Naona akina mama wamejaa viti vya mbele na mafundi vijana wamesimama mlangoni. Vizuri, kwa sababu leo nina neno na pande zote mbili.

Herufi zinazotokea kwenye skrini ya mashine ya kufua au kiyoyozi mara nyingi hazitaji kifaa kilichokufa. Zinataja jambo ambalo mashine ililingoja, na halikutokea. Ilingoja maji yajae, hayakujaa. Ilingoja yatoke, hayakutoka. Kwa nini? Haijui, na wala haijidai kujua. Anayejidai ni fundi anayesoma herufi mbili, papo hapo akasema, "Bodi imeungua, mama."

Tuchukue IE kwenye mashine za LG. Maana yake maji hayaingii ya kutosha kwa muda uliopangwa. Sasa wengi wetu hapa Tanga tuna simtanki juu ya mnara, tuseme mita 3. Kila mita 10 za kimo hutoa msukumo wa takriban baa 1, kwa hiyo mita 3 ni baa 0.3 tu. Kijitabu cha mashine huandika kiwango cha chini cha msukumo, mara nyingi nusu baa au baa 1. Basi mashine nzima, maji safi, lakini yanaingia kwa uvivu, muda unakwisha, IE hiyo. Hapo dawa ni pampu ndogo ya kuongeza msukumo. Bodi haihusiki kabisa.

Ila msikimbilie dukani kununua pampu. Kwanza chomoeni umeme, fungeni koki, fungueni mpira wa maji nyuma ya mashine. Pale mpira unapoingia pana kichujio kidogo cha wavu, na katikati kina kijishikio. Kivuteni taratibu kwa koleo. Mtakuta mchanga laini, utelezi, na magamba ya kutu kutoka kwenye mabomba ya zamani. Mswaki mkuukuu unatosha kukisafisha. Kirudisheni, msikitupe, maana bila hicho mchanga utaingia kwenye valvu, na hapo ndipo mtaanza kutoa pesa kweli.

OE ni kinyume chake: maji hayatoki. Mashine za mlango wa mbele zina kimlango chini, kwenye kona, na ndani yake kichujio cha pampu. Wekeni beseni kwanza! Humo hutoka vifungo, sarafu, na zaidi ya vyote pini za mtandio. UE sitaikalia sana: nguo zimeegemea upande mmoja, kwa mfano blanketi moja peke yake, au mashine imekaa mshazari sakafuni.

Vijana, sikilizeni hapa. Skrini hizi huchora kila alama kwa vijistari saba tu. Kwa hiyo S na 5 ni mchoro mmoja, na D kubwa ingesomeka sifuri, ndiyo maana erori ya mlango huandikwa dE kwa d ndogo. Mteja akikupigia simu akasema mashine yake ya Samsung imeandika SE, ni 5E hiyo, maji hayatoki. Tena usiazime maana ya kampuni moja ukaipeleka kwa nyingine. E1 kwenye viyoyozi vingi vya Gree ni kinga ya presha kubwa ya gesi. Kwenye vingi vya Midea, E1 ni mashine ya ndani na ya nje hazisikilizani. Ukichanganya hizo mbili utafungua gesi isiyo na kosa. Soma kwanza namba ya modeli.

Hiyo ya kutosikilizana, kwa walio Raskazone na kando ya bahari, anzeni na skrubu za nyaya kwenye mashine ya nje. Hewa ya chumvi huzifanya kijani. Zima swichi kuu, subiri dakika kadhaa, kwa sababu kapasita (vihifadhi umeme) za inveta, ile bodi inayoongoza mwendo wa kompresa, hubaki na umeme, kisha ukwangue na kukaza upya. Na umeme upimwe kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Kikiwa kimezimwa mita yako itakuonyesha volti 230 nzuri kabisa, hata kama hushuka kikiwashwa, ukadanganyika.

Mama wa kanga ya njano ameuliza: nikichomoa waya, erori ikapotea, nimepona? Piga picha skrini kwanza, kisha chomoa, subiri dakika kama tano, urudishe. Ikirudi palepale iliposimama mara ya kwanza, iwe kujaza, kufua au kukamua, mwambie fundi hatua hiyo, itamsaidia kuliko herufi peke yake.

Na maikrowevu? Hiyo usiifungue nyumbani, hata ikiwa imechomolewa. Kapasita yake hushika maelfu ya volti. Ilete kwa fundi ikiwa imefungwa.