Barua ya Mchungaji Dirishani kwa Dozi

DEO: Da Mwana, nimekuja na karatasi yangu. Maswali matano ya kuuliza kabla hujampeleka ndugu yako soba, nyumba ya kuachia ulevi. Ila kabla ya karatasi, Jumanne.

MWANAIDI: Sema.

DEO: Dirishani kwetu kliniki, zamu ya asubuhi, kaja mama na kijana wake. Mkononi ana barua ya mchungaji, ina muhuri na kila kitu. Inasema kijana asipewe methadoni, ile dawa anayokunywa kila siku badala ya unga, siku saba, yuko kwenye maombi ya kufunga.

MWANAIDI: Siku saba!

DEO: Na imeandikwa kwa upendo, hilo nataka lieleweke. Mchungaji anamtafuta kondoo wake. Nikampigia simu. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza dawa hii inavyofanya kazi.

MWANAIDI: Basi waeleze na wanaotusikiliza, maana wachungaji na maimamu wetu ni wengi humu.

DEO: Unga, yaani heroini, arosto, yale mateso ya kuikosa, inaanza kati ya saa 8 na 24 tangu kete ya mwisho. Kilele ni siku ya pili, ya tatu. Ikifika wiki, mwili umeanza kutulia. Ndiyo maana watu wa maombi wakikaa na mtu siku saba wanaona muujiza, na wanaona kitu cha kweli kabisa. Sasa methadoni haiendi hivyo. Nusu yake tu kutoka mwilini inachukua kama saa 24 mpaka 36. Ukiikata ghafla, siku ya kwanza kijana anaimba pambio. Ya pili miayo na makamasi. Halafu inamburuza wiki mbili, tatu. Siku ya saba mnamaliza maombi, mnamrudisha nyumbani, na yeye yuko katikati ya tanuru.

MWANAIDI: Usingizi hana, mifupa inamuuma, tumbo linamwendesha. Na njia ya maskani, kijiwe cha unga, anaijua.

DEO: Akienda, anavuta au anajidunga kiasi kilekile cha zamani, na mwili umeshasahau kukibeba. Hapo ndipo tunazika. Kwa anayetoka gerezani ni hivyohivyo, na kwa anayetoka soba baada ya miezi minne.

MWANAIDI: Mimi nataka ile barua iandikwe upya. Hapa hapa. Mchungaji ana haki ya kuiandikia kliniki, ila aandike barua inayomsaidia kijana.

DEO: Karatasi yangu ya maswali...

MWANAIDI: Itasubiri. Andika: "Kwa mhudumu wa kliniki." Mstari wa kwanza namba ya kadi ya kijana, siyo ushuhuda wake. Wa pili, tarehe za mfungo.

DEO: Na aina ya mfungo. Kama ni mkavu, bila maji, tujue. Methadoni inafunga choo, na bila maji inakuwa mateso.

MWANAIDI: Wa tatu: "Tunaomba ushauri." Siyo "msimpe". Na mwisho, nakala kwa mama.

DEO: Nakala kwa mama ya nini? Mama ndiye kaileta.

MWANAIDI: Kaileta hajaisoma, Deo. Bahasha ilikuwa imefungwa?

DEO: Ilikuwa imefungwa.

MWANAIDI: Haya. Nakala kwa mama.

DEO: Sawa. Mstari wa nne, dawa nyingine anazokunywa. Huu usirukwe. Akiwa na TB, rifampisini inaifukuza methadoni mwilini haraka. Mtu anapata arosto na dozi kanywa, watu wanamwona mwongo. Baadhi ya dawa za VVU, kama efavirenzi, nazo hufanya hivyo. Daktari anapandisha kipimo, yanaisha. Lakini lazima ajue.

MWANAIDI: Na kama siyo unga? Kama ni gongo?

DEO: Hapo barua inabadilika yote. Pombe ndiyo inayoua kwa kuachwa ghafla. Mnywaji wa kila siku, wa miaka, akikata leo, mikono inatetemeka ndani ya saa 6 mpaka 24. Degedege laweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Siku ya pili, ya tatu, anaweza kuanza kuona vitu visivyokuwepo, homa, mapigo yanakwenda mbio. Kanisani wataita pepo, watamshika, watamwombea usiku kucha, na asubuhi hayupo.

MWANAIDI: Na kwenye mfungo hajala.

DEO: Hajala, na mwili wake hauna vitamini B1 tangu zamani, pombe imeimaliza. Ubongo unaweza kuumia moja kwa moja. Kwa hiyo swali la kwanza mlangoni kwa mchungaji, kwa shehe, kwa yeyote: "Unatumia nini, na mara ya mwisho lini?" Jibu likiwa pombe ya kila siku, hospitali kwanza, mkesha baadaye. Wiki mbili mbele Mungu yupo palepale.

MWANAIDI: Iandike hiyo, mstari wa tano. Na upande wangu: imamu naye aandike. Ramadhani inakuja kila mwaka na kila mwaka kuna vijana wanaacha dozi kimyakimya, wanaona haya kunywa mchana. Al-Baqara, aya ya 184: aliye mgonjwa atatimiza hesabu siku nyingine, na yuko wa fidia, kumlisha maskini. Kijana akisikia hilo kwa imamu wake mwenyewe, msikitini, linamwingia kuliko mimi kulisema mara kumi.

DEO: Na pengine haitafika huko. Aliyetulia kwenye kipimo chake, kusogeza dozi saa chache hakumwangushi. Kliniki ikiweza kumhudumia jioni, anafuturu na dozi yake. Ila aombe mapema, wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Akikosa siku tatu mfululizo, kipimo kinapitiwa upya, mara nyingi kinashushwa. Akikosa tano na zaidi, anaanza chini kabisa kama mgeni. Siyo adhabu. Kipimo chake cha juzi leo kinaweza kumuua.

MWANAIDI: Mstari wa sita: nani atatembea naye. Jina la mtu mmoja wa kanisani au msikitini wa kumsindikiza asubuhi. Nauli inakatisha watu dozi kuliko imani haba.

DEO: Na nakala kwa mama.

MWANAIDI: Umeanza kuelewa! Mama huyo miaka yote anafunga, anakesha, anauza vitu kulipa soba. Al-Anon ilianzishwa 1951 kwa ajili ya ndugu wa walevi, maana iligundulika nyumba nzima inaugua. Kanisa likimpa mama kiti chake cha kusemea, kila wiki, saa moja, hilo tu ni huduma.

DEO: Sasa kijana wa Jumanne. Mchungaji kaelewa, akaniuliza: basi nimpeleke soba ipi? Nikapiga simu mbili. Zote: anakunywa methadoni? Hatumpokei.

MWANAIDI: Na mimi nasema wana haki.

DEO: Da Mwana!

MWANAIDI: Soba ya hatua 12, ile ya kuacha vyote, ni nyumba. Watu ishirini, wengine wana siku ya tatu bila kitu chochote, arosto imewabana. Anaingia mwenzao aliyekunywa dozi asubuhi, macho yanalegea. Umewasha moto kwenye makuti. Na nani atamtoa kila siku kwenda kliniki na kurudi, njia ikipita maskani?

DEO: Macho yanalegea kama kipimo hakijakaa sawa. Kikikaa sawa humjui. Mwenye kisukari anachoma insulini, tunamwambia hujapona, toka? Narcotics Anonymous, NA, wenyewe wanasema sharti la uanachama ni moja, hamu ya kuacha.

MWANAIDI: Mkutano wa NA, ndiyo, aje akae. Mkutano ni saa moja na nusu. Mimi nazungumzia kitanda.

DEO: Na mimi nazungumzia kitanda. Nyumba inayojiita ya Mungu ikimfungia huyu, inamfundisha kuacha dawa ili apate pa kulala. Anaiacha, anaingia, anatoka, anakufa. Tangu Hospitali ya Muhimbili ifungue dirisha la kwanza la methadoni 2011, hii hadithi haijabadilika.

MWANAIDI: Basi zijengwe nyumba za wanaokunywa dozi. Usiwavunjie waliosimama bila dozi nyumba yao.

DEO: Zitajengwa lini? Kijana analala wapi leo?

MWANAIDI: Sijui analala wapi leo. Na bado sikubali.

DEO: Wala mimi.

MWANAIDI: Tunaonyeshwa dakika mbili. Karatasi yako?

DEO: Maswali matano... hapana, hayatoshi. Nitoe moja: uliza kama kuna mnyororo au kufuli ya nje. Kukiwa na kimoja, geuka na mtoto wako. Mengine wiki ijayo.

MWANAIDI: Kenya pigeni 1192, ni bure, ni ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Wa Unguja, Kidongo Chekundu kuna kliniki ya methadoni tangu 2015. Barua tutaisoma tena taratibu mwanzoni mwa kipindi kijacho, mshike kalamu.

DEO: Mistari sita.

MWANAIDI: Saba. Mama.