Kadi getini: programu gani ifunguke kwenye kompyuta za ofisi

(Mhadhara kwa makarani na wahasibu wa maghala, Mtwara)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za mchana. Feni naona imeshindwa na joto, kwa hiyo sitawaweka sana.

Karani analetewa flashi yenye orodha ya magunia. Anachomeka, anaona faili limeandikwa "Mnada.xls", anabofya. Kumbe jina kamili ni "Mnada.xls.exe", yaani ni programu, Windows isiporekebishwa huficha kipande cha mwisho cha jina. Msimcheke. Hata mimi ningebofya.

Antivirasi, kwa sehemu kubwa, ni mlinzi aliyepewa picha za wezi. Mwizi mpya hana picha. Ninachowaletea leo ni harusi ya kadi: programu isiyopewa ruhusa mapema haifunguki. Getini hawakuulizi tabia yako, wanauliza kadi. Huna? Utasikilizia muziki nje, hata uwe mtu mwema namna gani.

Kwenye Windows kazi hiyo hufanywa na AppLocker, iliyokuja na Windows 7 mwaka 2009. Kadi unaweza kuzitoa kwa mahali: kilichomo Program Files kinafunguka, kwa kuwa mtumiaji wa kawaida hawezi kuweka kitu humo, cha Downloads au cha flashi kinagoma. Ila ukimpa kila mtu haki za msimamizi wa kompyuta (administrator), umemwachia kitabu cha kadi tupu. Unaweza pia kutumia sahihi ya kidijitali, yaani muhuri wa mtengenezaji ndani ya faili, nami naipenda hii, maana programu ikisasishwa bado inapita. Ipo na hashi, alama ya kidole ya faili. Kitu kidogo kikibadilika, kadi imekufa. Inachosha.

Sasa aibu yangu. Ofisi moja huku kusini, msimu wa korosho umepamba moto, niliwasha kizuizi Ijumaa jioni nikaenda zangu Shangani kula pweza. Jumatatu saa mbili asubuhi, simu. Programu ya mizani fundi wa zamani aliiweka kwenye folda tu ya desktopu, haina sahihi, imegoma. Malori matatu yamepanga foleni. Mzee mmoja kakaa juu ya magunia yake ananitazama, hasemi neno. Bora angenitukana.

Na dawa ilikuwepo: hali ya ukaguzi tu. Hakizuiwi kitu, kila programu isiyo na kadi inaandikwa kwenye kumbukumbu za matukio, namba 8003. Iacheni wiki kadhaa, zipite siku za kupima, za malipo na za kufunga mwezi, ndipo msome. Mizani ingeonekana siku ya kwanza. Mtayakuta na magemu humo. Msikimbilie kuandikiana barua.

Lakini Excel ina kadi ya dabo. Makro, yaani amri zinazojiendesha, iliyofichwa ndani ya faili inaingia naye kama mwenza wake. Hiyo mnaifunga kwenye mipangilio ya Excel yenyewe.

Ndiyo, mama, nimeuona mkono. Anauliza: siku ya mnada programu ikigoma na fundi yuko safarini Newala, nani atatoa kadi? Wawekeni watu wawili wenye ruhusa hiyo, mmoja awe anashinda ghalani. Kila kadi iandikwe daftarini: programu gani, nani kaomba, nani katoa. Daftari la kawaida, la kalamu.