Kazi Huanza Juu ya Paa: Mhadhara kwa Wanaojitolea Kuinusuru Nyumba ya Kale Mji Mkongwe

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana, assalamu alaykum.

Wengi wenu mmeuliza kwa nini, baada ya michango yote mliyotoa, mlango wa kuchonga bado haujaguswa na kuta za nje hazijapakwa rangi. Mna haki ya kuuliza, nami nitajibu kwa kuanzia juu ya paa.

Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, na sakafu za ghorofani zimebebwa na boriti za mikoko, ambazo kwa ufupi wake ndizo zilizofanya vyumba viwe virefu na vyembamba. Boriti kavu hudumu miaka mingi mno, lakini ncha iliyozama ukutani ikilowa huoza bila ya mtu kujua. Katika chumba cha nyuma tulibandua lipu tukakuta ncha ya boriti imekuwa unga wa kahawia unaochoteka kwa kidole, ilhali sehemu inayoonekana chumbani ilikuwa nzima kabisa. Maji yalikuwa yakishuka kutoka kwenye mfereji wa paa uliotoboka.

Waliotutangulia, kwa nia njema, waliuziba ukuta huo kwa saruji. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na kuutoa, na chokaa huuachia njia. Saruji huufungia ndani, chumvi ikajikusanya, na lipu ikavimba na kumeguka. Kwa hiyo tumeiondoa yote, na sasa tunangojea chokaa iliyozimwa, yaani iliyochanganywa na maji, ilainike vizuri, jambo linalowachosha vijana wetu, lakini halina njia ya mkato.

Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilianguka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafariki. Tukio lile linaniuma hadi leo, na ndiyo maana sikubali rangi itangulie boriti.

Michango ya awamu hii, basi, itakwenda kwenye mfereji, boriti na chokaa. Wanaotaka kujifunza kupiga lipu waje asubuhi mapema, kwa sababu ukuta lazima uloweshwe kabla jua halijawa kali.